Mpeni mtoto pasiwedi yake

Jumamosi nilikuwa Sinza kwenye sherehe ya kumuaga kijana wa shemeji yangu anayekwenda Perth kusoma. Pilau ilikuwa safi, sina la kulalamika. Mambo yaliharibika pale mjomba wake alipokabidhiwa maiki atoe nasaha. "Mpwa wangu, ukifika jiandikishe, lipa muhula mmoja uonekane, halafu ingia mtaani ubebe boksi. Viza ina miaka miwili, nani atakugusa?" Watu wakapiga makofi. Kuna mama alipiga hadi vigelegele.

Nani atamgusa? Chuo, mjomba. Tena bila hata kumpigia simu.

Wengi wetu tunaisoma tarehe iliyo kwenye viza kama ile ya kwenye kopo la maziwa: kabla haijafika, hakiharibiki kitu. Viza ya mwanafunzi ya Australia, hii inayoitwa 500, ina sharti namba 8202. Lazima uwe umeandikishwa kwenye kozi iliyosajiliwa, uhudhurie, na maendeleo yako yaridhishe. Ukipotea, chuo kinafuta CoE yako, yaani hati inayothibitisha kwamba umeandikishwa, na kuripoti kwenye mfumo wa kompyuta ambao watu wa uhamiaji wanausoma. Sheria ndiyo inayokilazimisha chuo kuripoti. Hapo katikati hakuna ofisa wa kumpa ya soda.

Haya, nikubali kwa shingo upande kwamba mjomba hesabu anazijua. Muhula ukiwa unaendelea, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 tu kwa wiki mbili, na ada za kule hazina huruma. Na wapo vijana wanaoacha chuo kwa sababu ya starehe tu. Hao wajitetee wenyewe.

Ila mimi nina hasira na mtu mwingine kabisa. Siku ile alikuwa meza ya mbele, amevaa suti, anashangiliwa. Wakala, yule anayewatafutia watoto chuo na viza.

Kuna binti ninayemfahamu, kwao Tabata, alikwenda Australia kupitia wakala mmoja wa hapa mjini. Tofauti na huyu wa Sinza, yeye alisoma kweli. Halafu baba yake akapigwa kiharusi. Hela za hospitali zikawa zinatoka kwake, zamu za usiku zikaongezeka, darasani akaanza kukosekana, mwisho akaacha kwenda. Hakuna aliyemwambia kwamba taratibu za kule zinaruhusu chuo kukusimamishia masomo kwa muda kwa sababu nzito, mgonjwa wa nyumbani akiwemo. Angeomba kwa maandishi, akaambatanisha barua ya daktari wa baba yake. Hakuomba. Alipompigia wakala, aliambiwa, "Tulia dada, nitalifuatilia."

Uhamiaji wa kule hawafuti viza ya namna hii kimyakimya. Wanakuandikia kwanza kwamba wanafikiria kuifuta, wanakupa siku chache za kazi ujieleze, na ofisa anatakiwa apime maelezo yako kabla ya kuamua. Mtu mwenye baba mahututi na risiti za hospitali ana la kusema. Sasa barua ilikwenda wapi? Kwenye barua pepe ya wakala! Akaunti ya maombi aliifungua yeye, kwa anwani yake, kwa pasiwedi yake, na binti hakuwahi kuingia humo hata mara moja. Kisheria, ikishatumwa kwenye anwani uliyowapa, umeipata. Hawana habari kwamba anwani ni ya mtu aliyekaa Posta anakunywa kahawa na chuo kilishamlipa kamisheni yake zamani.

Binti alijulia kazini. Msimamizi alikuwa anahakiki wafanyakazi kwenye VEVO, mtandao wa serikali ya kule wa kukagua viza, akaingiza namba ya pasipoti yake, mtandao ukajibu kwamba hana viza. Fikiria umevaa aproni, umeshika sahani za watu, ndiyo unaambiwa hivyo. Rufaa ina muda wake, na wake ulikuwa umeshapita. Leo yuko Tabata, na viza ikifutwa hivyo unaweza kukaa miaka 3 unanyimwa nyingine nyingi za muda. Mtaani wanasema alikula ada. Wakala, anayeijua habari yote, anasikia na kunyamaza.

Na bei? Hadi Juni 2024 ada ya kuomba viza hiyo ilikuwa dola 710 za Australia. Julai ikapanda hadi 1,600, na Julai 2025 ikawa 2,000, zaidi ya shilingi milioni 3 zetu, na ukinyimwa hurudishiwi. Kuna familia zimeuza kiwanja Chanika kwa ajili ya hiyo safari.

Kwa hiyo wewe mzazi uliyeshika bahasha ya wakala, kabla hujaufungua mkono, mkae wote mbele ya kompyuta. Mtoto afungue barua pepe yake, akaunti isomeke hiyo, pasiwedi aiandike yeye huku wakala akiangalia dirishani. Wakala akianza kusema "mfumo hauruhusu", unaruhusu, ni suala la kubadilisha anwani. Akiendelea kung'ang'ania, rudisha bahasha kwenye pochi. Mawakala mjini hapa wamejaa.