Mkomani: nyumba zimesimama, wenyewe wamehama

Ukikata kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuingia Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu, unakuta vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wanapishana kwa shida. Nyumba nyingi ni za karne ya 18: kuta za matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, na chumba hakiwezi kuupita.

UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Ubishi tulio nao ni huu: wageni wanaonunua nyumba hizi wanauokoa mtaa au wanaumaliza?

Wanaotetea wana hoja nzito. Nyumba ya mirathi ina warithi kumi, nusu yao wako Mombasa, na hakuna anayetaka kutoa fedha za paa peke yake. Paa likivuja boriti huoza, na ghorofa hushuka. Mwenye uwezo mdogo hupiga saruji, ambayo hunasa unyevu ukutani hadi jiwe linalika kwa ndani. Mnunuzi mwenye fedha huita fundi wa chokaa na mchongaji wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kijana anayewachanganyia chokaa hupata ufundi. Hilo si dogo.

Lakini tazama wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Binti alipoolewa, baba alimjengea ghorofa ya juu au nyumba ya ng'ambo ya njia, na kwa wikio wanawake walitembeleana bila kushuka barabarani. Upande mmoja ukiuzwa, wikio huzibwa. Mnunuzi akija kwa likizo tu, mwaka uliobaki mlango una kufuli na baraza halina mtu baada ya Isha. Fedha nazo hugawanywa, na fungu la binti, ambalo kwa sheria ya Kiislamu ni nusu ya la kaka yake, halimnunulii hata chumba Mkomani. Anahamia pembezoni mwa mji.

Mimi naelemea kwenye kupangisha kwa miaka mingi badala ya kuuza. Mpangaji atengeneze nyumba, gharama zikatwe kwenye kodi, na muda ukiisha irudi kwa wajukuu. Warithi wenye deni au mgonjwa watasema wanahitaji fedha nzima leo, na sina neno la kuwalaumu. Ila walioweza kusubiri wangeanza kwa kuandika kwenye mkataba kwamba wikio lisizibwe.