Msitu Wenye Masharti na Mikoko Inayongoja Maji

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti, ikiwa ni sehemu ya lengo la serikali la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mimi na majirani zangu wa Mombasa tulikwenda tulikoelekezwa, tukakuta mashimo yamekwisha kuchimbwa, miche imepangwa safu na mpiga picha yuko tayari. Kila mmoja alishindilia udongo kwenye mche wake, akanawa mikono, akarudi kwake. Nilipopita tena mwezi wa pili, jua la kaskazi likiwa kali, miche mingi ilikuwa imekauka, na iliyosalia imeliwa na mbuzi. Mbuzi siwalaumu.

Sisemi haya kwa kuidharau kazi ya kupanda miti. Kasoro ninayoiona, nayo imo katika shughuli nyingi tunazoandaliwa kwa jina la mazingira na urithi, ni kwamba hupangwa kwa ratiba ya mwandalizi, na mahali penyewe hapaulizwi lolote. Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya kusini hadi Kwale, utakuta sehemu mbili zisizo mbali sana ambazo mambo yake huendeshwa kinyume na hivyo.

Ya kwanza ni Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, wa takriban hekta 30 karibu na ufuo wa Diani. Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vilivyozungukwa na msitu kwa ajili ya ulinzi, na baada ya watu kuhama, wazee waliendelea kuzitunza kama makaburi ya wahenga na mahali pa matambiko. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini kilichoulinda msitu huu wakati hoteli zilipokuwa zikienea Diani si orodha hiyo iliyokuja baadaye, ni masharti. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, haruhusiwi kuondoka na kitu hata kiwe jani kavu, na wapenzi hukatazwa kubusiana humo ndani. Anayekuongoza ni mwenyeji, naye hukuonyesha mti gani ni dawa ya nini na kukueleza habari za fingo, kile kinga kilichofukiwa ardhini kukilinda kijiji. Nilipoingia mara ya kwanza niliyaona masharti yale kama mapambo ya kuwavutia watalii. Nilipotoka nilikuwa nimetembea muda mrefu bila kuvunja kijiti, jambo ambalo sikumbuki kulifanya katika bustani yoyote ya mjini.

Najua wapo majirani zangu Waislamu, Wadigo wakiwemo, wasiotaka kuingia kaya kwa sababu ya matambiko. Nawaheshimu. Hata hivyo, anayetembezwa haombwi kushiriki tambiko, na historia ya kijiji kilichokuwa pale ni yao kama ilivyo ya mzee wa kaya mwenyewe.

Ya pili ni Gazi, na hapa mwenye amri ni maji. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwandani na nguzo za kujengea, hata baadhi ya sehemu zikabaki tope tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ilianza kuirejesha kwa kushirikiana na wanakijiji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 na kuuza hifadhi ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko huifyonza na kuihifadhi, na fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule, matumizi yakijadiliwa na wanakijiji wenyewe. Kinamama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko, ambapo humfundisha mgeni kutofautisha aina zake: mkoko wenyewe, mchu, mlilana na mkandaa.

Kazi ya kupanda yenyewe ina adabu zake. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, ikarefuka kama kijiti cha kijani, nawe huichomeka topeni maji yakiwa yamekupwa. Saa ya kupwa husogea kila siku, kwa hiyo mheshimiwa aliyepanga kufika saa nne anaweza kukuta bahari imejaa, na hotuba yake haitaipunguza. Siku ile ya Novemba mwezi ulikuwa unaandama, na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida wakati kama huo, huwafaa wapandaji kwa jinsi inavyoliacha wazi tope hadi mbali. Sidhani kama tarehe ilichaguliwa kwa sababu hiyo.

Mjini kwetu tuna ufuo wa Mama Ngina, uliofunguliwa upya Oktoba 2019 baada ya kukarabatiwa. Jioni watu hujaa, wanakula mihogo na kunywa madafu chini ya mibuyu mikongwe, nami ni mmoja wao. Lakini muulize aliyeketi chini ya mbuyu habari za mbuyu huo, na mara nyingi hatakuwa na la kukuambia. Tumepewa mahali pazuri pa kukaa bila kupewa kazi wala sharti lolote zaidi ya kutotupa takataka, na hata hilo halizingatiwi. Ningependelea kila mtaa wa karibu ukabidhiwe mibuyu yake kadhaa, vijana wake wafunzwe historia ya ufuo na kuwatembeza wageni kwa ada ndogo, na baraza la mtaa ndilo liamue ada hiyo itumike vipi.

Ikitangazwa tena siku ya kitaifa ya kupanda miti, kaunti za Pwani ziruhusiwe kuchagua tarehe yao, na kabla ya kuagiza miche ziwaulize kwanza wavuvi maji yatakupwa saa ngapi. Kuhusu miche ya nchi kavu, mimi mwenyewe nitatafuta kwanza nani atainywesha hadi masika.