Nimehitimu kumulika mgongo

Leo nimefukuzwa kazi ambayo hata sijaajiriwa. Asubuhi nimepokelewa gereji kwa majaribio, alasiri naambiwa nivue ovaroli, na ovaroli yenyewe ni yangu. Niacheni kwanza nivute pumzi.

Mimi nilidhani kujifunza ufundi wa pikipiki ni kujitokeza tu. Pikipiki zimejaa, zinaharibika kila siku, mafundi wanalia kazi zimewazidi. Mtu akijileta na mikono yake miwili na akili timamu, si apokelewe kwa vigelegele? Thubutu. Fundi wa kwanza aliniuliza spana zangu ziko wapi. Wa pili alisema nafasi ipo, ila kuna wanagenzi saba mbele yangu. Nikawaona, wote saba wamekalia matairi wanamtazama wa nane akisugua cheni. Chuo kikataka barua ya gereji itakayonipokea, gereji ikataka barua ya chuo, na mimi katikati nikatembea mpaka kiatu kikaisha soli upande mmoja, ule wa kuelekea chuoni.

Sasa huyu wa leo. Fundi kwelikweli, simnyimi haki yake. Anainamisha sikio kwenye injini, anakunja uso, anasema "vali", na ikifunguliwa ni vali. Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye kile kiatu, akasema, "Mdogo wangu, ufundi haufundishwi. Unaangalia." Nikamwambia nitaangalia, fundi. Akanikabidhi tochi.

Waliowahi kumshikia mtu tochi wananielewa. Ile si kazi, ni kesi. "Mulika hapa." Hapa wapi, na mikono yote miwili iko ndani ya injini? Ukimulika nati, alitaka bolti iliyo nyuma yake. Ukimulika bolti, unamchoma macho. Ukisogea unamziba, usiposogea umelala. Na katikati ya hayo, "Lete kumi." Kwenye sanduku nane ipo, tisa ipo, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba zipo. Kumi hakuna. Spana inayofungua nusu ya pikipiki ndiyo hiyo isiyokaa nyumbani. Nimeitafuta chini ya matambara, ndani ya tairi, kwenye kopo la nati zisizo na mwenyewe. Nikarudi mikono mitupu, nikasemwa, halafu yeye akafungua kwa plaizi, plaizi ileile aliyonikataza asubuhi kwa kuwa inaua kona za nati.

Hilo nililimeza. Ugomvi wangu ni na mgongo.

Kufungua tairi, fundi anakaa upande, naona kila kitu. Kumwaga oili, namwaga mimi, na nyingine inaingia kiatuni. Lakini ikifika penye ufundi wenyewe, kupima vali au kuchezea skrubu ya hewa ya kabureta, mgongo unageuka. Pole pole, kama mlango wa kasha la fedha. Unajaa wote mbele yangu, na kutoka ng'ambo yake sauti inasema, "Mulika vizuri!" Namulika nini, fundi? Namulika shati! Nikienda kushoto, bega nalo linakuja kushoto. Nikijaribu kulia, "Hebu kaniletee maji." Narudi na maji, kifuniko kimeshafungwa, injini inanguruma, naulizwa, "Umeona?" Nimeona mishono mitatu, mmoja unaanza kufumuka. Kama kuna mtihani wa mgongo wa yule bwana, nileteeni kalamu.

Ikaja pikipiki ya tatu. Mteja kaiendesha mwenyewe mpaka mlangoni, kichwa cha injini kinalia ta-ta-ta-ta, kasimama pembeni na kofia yake mkononi. Fundi akafungua kifuniko palepale, moshi wa oili unampanda usoni. Mgongo ukaanza safari yake. Nikasema leo hapana. Nikapita chini ya kwapa lake, naam, kwapani, mtu mzima na tochi yangu, nikaona! Nafasi ya vali ile hapa, ule upenyo mwembamba kati ya vali na mkono unaoisukuma, na fundi anaipima kwa wembe. Mimi usiku kucha nilikuwa na kitabu. Kwa pikipiki nyingi ndogo nafasi ile ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kuna geji yake ya vibati. Kabla ya kupima, alama ya T kwenye gurudumu la sumaku la injini ilingane na ya kwenye kasha lake, vali zote ziwe zimefunga. Wembe sina neno nao, unene wake ni kama 0.1, mzee anajua afanyalo. Lakini kitabu kinasema injini iwe imepoa, maana chuma kikipata moto kinatanuka na kipimo kinakudanganya. Nikauliza kwa sauti ya adabu kabisa:

"Fundi, si mpaka ipoe kwanza?"

Mteja akageuka. "Eti fundi, mpaka ipoe?"

Fundi akautazama wembe. "Huyu ni mgeni."

"Mgeni kauliza vizuri," mteja akasema, akavuta tairi akakaa. "Tusubiri."

Tukasubiri. Watu watatu tumeizunguka injini kama tuko wodini. Kila baada ya muda fundi anagusa silinda kwa kidole, anakitoa haraka, ananitazama. Ilipopoa akairekebisha, mgongo ukiwa umenielekea kwa upana wake wote, na mteja akaondoka bila ta-ta-ta. Fundi akanyoosha mkono kudai tochi yake.

"Nilikwambia uangalie. Nani kakutuma uulize?"

Sasa jamani, magoti yakimchoka yule mzee, hizi pikipiki atazitengeneza nani? Watu wanalia mafundi wazuri wameadimika, na wazuri wenyewe watazikwa na skrubu ya hewa mzunguko mmoja na nusu, siri yao moyoni! Niulize wapi? Nimuulize mteja?

Na hii oili haitoki. Nimetia sabuni ya unga, nimetia mchanga, kucha bado kama za mchimba kisima. Mama kanipiga marufuku kugusa pazia, taulo na kitasa, kwa hiyo niko nje nimekalia ndoo. Ovaroli nayo kasema niikung'ute kabla haijavuka kizingiti. Nimeikung'uta, mfuko wa nyuma umedondosha kitu kwenye saruji, klang.

Kumi.

Nikiirudisha, niliiba. Nisipoirudisha, nimeiba. Na mama huko ndani anauliza ni nani anagonga vyuma usiku huu.