Dar es Salaam: bonde la Msimbazi si pa kupanda nyasi tu

Ukitafuta mimea ya Dar es Salaam kwenye bustani peke yake, utaikosa mingi. Ipo Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ipo miarobaini na mikungu ya kando ya barabara. Lakini yapo pia makazi ambayo hayakupangwa na mtu: nyufa za magorofa ya zamani, viwanja vilivyojiotea mchunga na mnavu, na bonde la mto Msimbazi na mikoko yake karibu na Daraja la Selander.

Wanaotaka bonde hilo lipangwe wana hoja nzito. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sasa upo mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia unaokusudia kuupanua mto na kutenga eneo la bustani ya jiji. Tena mchicha wa bondeni si wa kusifia ovyo: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta madini yenye sumu, risasi na kadimi, kwenye mboga za huko. Anayesema bonde liachwe lilivyo, ajibu hilo kwanza.

Ninachokiogopa ni bustani ya aina tuliyoizoea: nyasi za kupandwa, miashoki mstarini, pevingi kila mahali. Mwashoki unapendeza getini, ila kivuli chake hakimtoshi hata muuza maji. Nyasi nazo zinadai kumwagiliwa kiangazi kizima.

Sasa utazame mchu, aina mojawapo ya mkoko, maji yakipwa. Mizizi myembamba kama penseli imechomoza topeni kulizunguka shina, ikivuta hewa. Lamba jani, utaonja chumvi ambayo mti umeitoa wenyewe. Mizizi hiyo inashika tope na kupunguza nguvu ya mawimbi, na hakuna mtunza bustani anayelipwa.

Kwangu mimi, bonde la chini libaki na mikoko na matete, na sehemu za kupumzikia ziwekwe pembeni, palipoinuka.

Viwanja vya mitaani ni vigumu zaidi. Mwenye kiwanja ana haki ya kujenga, na majirani wana sababu ya kuogopa nyoka na vibaka vichakani. Hapo sitetei kichaka. Nadai kila ua ubakize kipande cha udongo kisichofunikwa pevingi, mvua ipate pa kuzama na mnavu pa kuota. Sheria ndogo ya halmashauri inatosha kuanzia.