Mwuza dawa wa Lichfield na sahani zetu za Lamu

Watu wa kwetu Lamu wakinipigia simu huku Birmingham, tukigusa habari ya vitu vya kale, neno ni lilelile: serikali haijali. Sibishi. Ila nawaomba mumtazame Richard Greene.

Huyu alikuwa mwuza dawa katika mji mdogo wa Lichfield, huku Uingereza, karne ya 18. Hakuwa lodi. Nyumba yake aliijaza vitu vya ajabu: silaha za kale, saa kubwa ya muziki, hata vitu vya visiwa vya Pasifiki vilivyotoka kwenye safari za baharia Mwingereza, Kapteni Cook. Mwaka 1776 Samuel Johnson, mwandishi wa kamusi maarufu ya Kiingereza na mzaliwa wa mji huohuo, alifika na rafiki yake Boswell. Boswell ameeleza alichokiona: kila kitu kina kibandiko kilichochapwa kwa mashine ndogo ya Greene mwenyewe, na penye ngazi upo ubao wenye majina ya waliochangia, kwa herufi za dhahabu. Johnson aliwahi kumwambia Greene kuwa kwake yeye, kuwazia kukusanya vitu namna ile ni sawa na kuwazia kuunda manowari.

Mimi kilichonigusa ni huo ubao. Kwetu ukitoa kitu, jina lako hulisikii tena. Shangazi yangu alimpa mgeni mmoja sahani ya kichina iliyokaa kwenye kidaka cha ukutani tangu enzi za bibi yake, eti ya maonyesho. Mpaka leo hajui iko wapi. Ya pili akamwuzia mtalii. Utamlaumu?

Waingereza nao wana lao. Sidhani kama jina la fundi yeyote wa Pasifiki liliandikwa kwenye ubao ule. Walioandikwa ni walioleta.

Tena mkusanyo wa mtu mmoja hauna umri. Greene alifariki 1793, vitu vikauzwa vikatawanyika. Saa yake leo iko Bath. Kwetu Kenya, Joseph Murumbi, aliyepata kuwa makamu wa rais, alikusanya kazi za sanaa za Afrika kwa miaka mingi, na sehemu tunayoiona leo pale Nyaraka za Taifa, Nairobi, ni kwa kuwa aliikabidhi serikali angali hai. Basi anzeni kukusanya wenyewe, lakini muandikiane mkataba mapema na makumbusho ya pale Lamu, vitu visije vikatawanyika.

Chumba cha chini nyumbani kwetu ni kitupu. Shangazi ameshakubali tuanzie hapo, kwa sharti jina lake litangulie ubaoni.