Levegh na mwenzake aliyenyimwa usukani

Ukitaja jina la Pierre Levegh, dereva wa mashindano wa Ufaransa, wengi wanakimbilia maafa ya mwaka 1955 kwenye mbio za magari za Le Mans, na hapo ndipo mjadala unapoharibika. Levegh alikuwa ameshakuwa dereva kwa miaka mingi kabla ya siku ile. Uamuzi mzito kuliko yote katika maisha yake ya mashindano aliufanya miaka mitatu kabla, kwenye mbio hizohizo za saa 24, tarehe 14 na 15 Juni 1952: alikataa kumwachia mwenzake usukani. Huo ndio wa kupimwa.

Alizaliwa Pierre Bouillin, mtu wa Paris, na jina la Levegh alilichukua kwa ndugu wa ukoo wake aliyeendesha mashindano katika enzi za mwanzo kabisa za magari. Mwaka 1952 alikuwa na umri wa miaka 46. Alikuja na gari la Kifaransa la Talbot-Lago, mwenzake wa kupokezana usukani akiwa René Marchand, ambaye walimaliza naye wa nne mwaka uliotangulia. Mbio zilianza Jumamosi saa kumi jioni. Jaguar zikachemsha mapema, Ferrari ya Alberto Ascari ikaharibika klachi, na Gordini iliyoongoza kwa muda ikaishiwa breki. Kufikia asubuhi Levegh yuko mbele, na baadaye akafikisha mizunguko minne juu ya Mercedes-Benz. Kila aliposimama kujaza mafuta, Marchand alikuwa tayari kumpokea, na kila mara Levegh alikataa kushuka. Jumapili alasiri, ikiwa imebaki saa moja na kitu, injini ikanoki. Ushindi ukaenda kwa Hermann Lang na Fritz Riess wa Mercedes.

Wanaomtetea wana hoja ambayo siidharau. Wanasema ilibidi abaki kwenye usukani: injini ilikuwa imeanza kutikisika isivyo kawaida, na dereva aliyekaa nayo usiku kucha anajua ikanyagwe vipi na gia ibadilishwe wakati gani ili ifike. Kumpa mtu mwingine gari bovu ni kumpa nafasi ya kulimalizia. Tena wanakumbusha habari ya Louis Rosier: mwaka 1950, Mfaransa huyo naye aliendesha Talbot-Lago karibu mbio nzima peke yake, mwanawe Jean-Louis akimpokea kwa mizunguko miwili tu, na akashinda. Rosier anasifiwa hadi leo. Kama kosa ni kung'ang'ania usukani, mbona mmoja ni shujaa na mwingine mkaidi? Ongeza na hili, kwamba ilikuwa miaka saba tu tangu vita viishe na walioko nyuma yake walikuwa Wajerumani, katika uwanja uliojaa Wafaransa. Uzito wa jambo hilo kwa mtu wa kizazi chake hauhitaji maelezo.

Wanaomlaumu wanasema alikosea gia kwa uchovu, injini ikazungushwa kupita kiasi. Watetezi wanajibu kwamba kranki, mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imeshaanza kuachia tangu usiku. Pande zote mbili zinapigania kitu kimoja, yaani nini hasa kilivunja injini, na mimi naona hapo sipo penye jibu. Hata injini ingevumilia na Levegh akashinda, uamuzi wake ungekuwa uleule.

Twende kwenye hesabu. Mzunguko wa Le Mans wakati ule ulikuwa wa kilomita 13.492, na kwa mwendo wa wastani wa kilomita 155 kwa saa ulichukua dakika tano na sekunde chache. Mizunguko minne ni zaidi ya dakika 20 za akiba. Tuseme Marchand angekuwa mzito kiasi cha kupoteza nusu dakika kila mzunguko. Hiyo ni kama dakika sita kwa saa. Levegh angeweza kumwachia gari kwa saa mbili, akanywa maji, akanyoosha mgongo, akarudi bado anaongoza, na injini yenyewe ikiwa imepumzishwa kwa mwendo wa taratibu. Neno "ilibidi" linalotumiwa na watetezi wake halisimami mbele ya hesabu hii. Alikuwa na akiba ya kumwezesha kumwamini mwenzake, akachagua kutoitumia.

Kuhusu 1955 niseme kidogo tu, kwa sababu mara nyingi linatumika kumhukumu kinyumenyume. Mercedes walimchukua akiwa na miaka 49, na wapo walioona gari lile lilikuwa na kasi kumzidi. Lakini dereva Mike Hawthorn alifunga breki kuingia kwenye vibanda vya mafundi, Lance Macklin aliyekuwa nyuma yake akakwepa, na Levegh akamkuta Macklin mbele yake bila pa kupita. Dereva Juan Manuel Fangio, aliyekuwa nyuma ya Levegh, alisema Levegh aliinua mkono kumpa tahadhari. Levegh alikufa pamoja na watazamaji zaidi ya 80. Uchunguzi haukumtwika dereva yeyote lawama. Ulioonekana kuwa na kasoro ni uwanja uliojengwa kwa magari ya kasi ndogo zaidi. Kuunganisha msiba huo na ukaidi wa 1952 ni kumwonea marehemu.

Baada ya 1952 waandaaji waliweka kikomo cha muda ambao dereva mmoja anaweza kukaa kwenye usukani. Wapo wanaoona kanuni hiyo iliua ushujaa wa aina ya Levegh na Rosier. Mimi naiunga mkono, na si kwa ajili ya usalama peke yake. Marchand alikuja Le Mans kama dereva, alimaliza wa nne mwaka uliopita kwenye gari la aina ileile, na alikesha akisubiri zamu ambayo haikuja. Sifa na lawama zote za siku ile ziligawiwa kwa mtu mmoja, na kati ya wote waliokuwa upande wa Talbot, Marchand ndiye aliyepoteza ushindi bila hata kupewa nafasi ya kuukosea.