Zanzibar ya Siku Moja na Nusu

Mama Neema ameamua twende Zanzibar. Sijasema ameomba. Ameamua, mimi nimeachiwa kutafuta hela na kutoa maoni, na hayo maoni yasiwe mengi. Chanzo ni jirani yetu mmoja hapa Soweto, Mbeya. Tangu arudi kutoka huko, status yake ya WhatsApp haina jambo lingine: yeye na bahari, yeye na mlango wa kuchongwa, yeye na kobe. Hata huyo kobe anaonekana kapumzika kuliko mimi.

Watu wa Dar wakisema wanakwenda Zanzibar wikendi, waacheni waseme. Wao wanashuka Posta, wanapanda boti, baada ya kama saa mbili hao wako Malindi wanakunywa kahawa. Mimi wa Mbeya kabla sijaiona hiyo boti nina kilomita zaidi ya 800 za lami. Unatoka stendi ya Nane Nane alfajiri. Chimala, Igawa, Makambako. Mahali fulani basi linasimama ili mpate kula, kwa dakika ambazo hazitoshi hata kuipata chumvi. Mafinga baridi, Ilula unauziwa nyanya dirishani, halafu mlima wa Kitonga. Pale kuna malori ya Zambia na Kongo, na lori moja likiamua kulala kwenye kona, na nyinyi mmelala. Ukishuka Ruaha Mbuyuni joto linakupokea, sweta linavuliwa. Mikumi dereva anatambaa kwa ajili ya wanyama, abiria wote wanahamia upande mmoja kumtazama twiga ambaye hana habari nao. Unafika Mbezi usiku, miguu imevimba, na likizo bado haijaanza.

Nikampigia hesabu mwenzangu. Ijumaa nzima njiani. Jumamosi asubuhi boti, mchana ndiyo tunatia mguu Unguja. Jumapili tupo. Jumatatu boti ya kurudi, Jumanne nzima njiani tena. Kwa hiyo tunasafiri siku tatu na nusu ili tukastarehe siku moja na nusu. Akaniambia, “Baba Neema, basi tupande ndege.” Anavyolitamka neno ndege utadhani ni bodaboda! Ni kweli, kutoka uwanja wa ndege wa Songwe hadi Dar ni saa moja na kitu tu. Lakini nauli ya watu wawili ni mtaji wangu wa vipuri pale dukani Kabwe. Halafu kuna ule ukungu wa asubuhi: unaisikia ndege inazunguka juu, huioni, mara sauti inafifia, imerudi ilikotoka na wewe umekaa na begi lako.

Tukaja kwenye ufukwe. Yeye anataka Paje kwa sababu jirani alipigia picha Paje. Nina mteja aliwahi kufanya kazi hotelini huko, nikamuuliza. Anasema pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa bahari inaondoka kabisa, inakwenda mbali, wanabaki kina mama wa mwani na vigingi vyao. Jamani, nitoke Mbeya na miguu iliyovimba, nifike niambiwe bahari imetoka, nisubiri? Kaskazini huko Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, unaoga saa yoyote. Lakini bei za huko zimezoea kukaa na Wazungu, zikimwona Mnyakyusa hazimchangamkii.

Na majira nayo. Masika mvua. Desemba hadi Februari joto la kunata, mtu aliyekulia baridi ya Uyole anaweza kuomba alazwe kwenye friji. Mwezi wa sita na wa saba ndio wakati mzuri, hewa imepoa. Ndio wakati huohuo bei zinapanda na upepo wa kusi unaichafua bahari. Ndani ya boti wanagawiwa mifuko, na mwenye akili haulizi ni ya nini.

Mimi msimamo wangu nimeusema. Kama lazima twende kwa siku hizo chache, ufukwe tuachane nao, tubaki Mji Mkongwe. Unashuka kwenye boti unatembea kwa mguu, hulipi teksi. Beit el Ajaib tutaitazama kwa nje, maana sehemu yake ilianguka mwaka 2020, jengo la tangu 1883. Kobe wa jirani wapo kisiwa cha Changuu, ni mwendo mfupi kwa mtumbwi wa mashine. Tutapotea vichochoroni, bure. Na Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, nataka nifike, hapo sina utani. Wengi waliouzwa Unguja walitolewa huku kwetu upande wa Nyasa, wakatembezwa hadi Kilwa. Nikilifikiria hilo, malalamiko yangu ya kiti cha basi yanapungua. Kidogo.

Jioni bustani ya Forodhani, kwenye vyakula. Hapo pia nina neno. Ninasifiwa urojo, urojo, ndani yake naambiwa kuna viazi. Viazi! Nisafiri kilomita zote hizo nikakutane na kiazi ambacho huenda kilinipita Uyole kikiwa kwenye gunia, leo kina bei ya mtalii? Pweza nitakula. Kiazi tutatazamana tu.

Nikajaribu kumwelekeza Matema. Unapita Tukuyu, unashuka Kyela, siku hiyohiyo umefika Ziwa Nyasa: mchanga upo, maji hayana chumvi, hayaondoki mchana, milima ya Livingstone imesimama nyuma, samaki mbasa, vyungu vya Wakisi ukitaka cha kubeba. Akanitazama kwa muda. “Matema nitakutana na shangazi zako, wataniuliza nimewaletea nini.” Hoja hiyo sikuwa na jibu lake, kwa sababu ni kweli, na hawaulizi kwa sauti ndogo.

Basi nimekubali, Mji Mkongwe, kwa basi. Dera limeshashonwa, hela ya kikoba imeshatoka, kofia ya ukili imeazimwa kwa huyohuyo jirani. Nilidhani mambo yameisha. Jana mama mkwe akapiga simu kutoka Tukuyu, amesikia. Anasema hajawahi kuiona bahari, na kwamba hawezi kwenda ugenini mikono mitupu, kwa hiyo atakuja na mkungu wa ndizi. Ninauliza tu kwa anayejua: kwenye boti mkungu unakatiwa tiketi, au unapakatwa? Maana kwa jinsi viti vilivyogawanywa, wa kuupakata ni mimi.